Habari za Mtu ni Amana: Somo juu ya Simu, Hodi na Idhini

Hapana mtoto aliyelelewa katika miji yetu asiyejua maana ya hodi. Hufundishwa angali mdogo kwamba akitumwa nyumba ya jirani asimame nje ya mlango, apige hodi na angoje. Akiitikiwa "karibu" aingie; na akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, arudi zake wala asione uchungu. Hata mlango ukiwa wazi, hodi haiondoki. Jambo hili tumeamrishwa katika dini, nalo limekaa katika ada zetu hata halihitaji tena kuelezwa. Maana yake ni kwamba nyumba ina heshima yake, na yaliyomo ndani yana mwenyewe.

Lakini adabu hii ina upande wa pili ambao aghalabu hatuukumbuki. Mgeni akipiga hodi katika nyumba yenye vyumba vitatu vilivyopangwa na watu watatu, mwenye chumba cha kwanza hana mamlaka ya kumwambia, "Karibu, ingia na chumbani kwa yule." Aweza kumkaribisha chumbani kwake tu. Akimfungulia chumba cha mwenziwe amefanya khiyana, hata kama mgeni alipiga hodi kwa adabu, na hata kama yeye mwenyewe hakukusudia ubaya.

Hilo ndilo tunalotaka kulieleza katika somo la leo. Idhini ya mtu haivuki kizingiti chake. Mtu aweza kutoa kilicho chake, wala hawezi kutoa kilicho cha mwenziwe. Nazo habari tunazozitoa kila siku kwa simu zetu, tukidhani ni zetu, nyingi katika hizo zina wenyewe wengine ambao hatukuwauliza.

1. Yaliyomo ndani ya simu

Wengi wetu huihesabu simu kuwa ni chombo cha kusemea, kama zile za zamani zilizofungwa ukutani. Simu ya leo ni kompyuta ndogo, na kazi yake kubwa ni kuandika na kuhifadhi. Basi na tutazame kilichohifadhiwa humo, kimoja baada ya kimoja.

Kwanza ni majina na namba. Katika simu ya mtu wa makamo mna mamia ya majina: ndugu, wakwe, mwajiri, daktari, fundi, mwalimu wa watoto, na mwanamke wa jirani aliyetoa namba yake kwa haja ya siku moja. Kila mmoja katika hawa alimpa namba yake mwenye simu, wala hakumpa mtu mwingine.

Pili ni jumbe za fedha. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa katika Kenya mwezi wa Machi, mwaka 2007, fedha za watu zimekuwa zikipita simuni, na kila zipitapo huacha ujumbe wenye jina, kiasi, siku na saa. Mwenye kuzisoma jumbe za miezi sita atajua mshahara wa mtu, karo ya watoto wake, dawa anunuazo, nani amsaidiaye mamake, na nani aliyemkopa akaona haya kuitangaza shida yake.

Tatu ni picha, nazo hapana haja ya kuzieleza. Nne ni mahali. Simu husemezana na minara ya kampuni ya simu hata mwenyewe akiwa hasemi na mtu, na kwa hivyo kampuni hujua yuko upande gani wa mji. Tena programu nyingi huweza kujua mahali hapo kwa ukaribu zaidi, zikiruhusiwa. Tano ni mazungumzo yaliyoandikwa, na katika kila mazungumzo mna watu wawili au zaidi.

Mwenye kutazama vitu hivi vitano ataona kwamba hapana hata kimoja ambacho ni cha mtu mmoja peke yake. Simu ni kama ile nyumba ya vyumba vingi tuliyoitaja. Mwenye simu ndiye mwenye ufunguo wa mlango mkubwa, lakini vyumba vyote si vyake.

2. Rahani isiyo yetu

Sasa na tutazame kisa kilichowapata watu wengi katika nchi hii, nacho ni kisa cha mikopo ya simu.

Katika miaka ya mwisho kabla ya 2020 mikopo hii ilienea sana katika Kenya. Mtu aliyekuwa na mgonjwa, au karo, au kodi ya nyumba, alikuwa aweza kuitia programu katika simu yake, akajibu maswali machache, akapata shilingi elfu mbili au tatu kabla ya dakika kumi. Hakutakiwa mdhamini wala hati ya shamba. Wengi walishukuru, na haki yao kushukuru, kwani benki hazikuwa zikiwatazama watu wa hali yao.

Lakini programu ilipokuwa yatiwa simuni iliuliza maswali mengine, kwa maneno mafupi: Waruhusu tuyaone majina? Waruhusu tuzisome jumbe? Waruhusu tujue mahali ulipo? Naye mwenye shida alibonyeza "ruhusu" mara tatu bila ya kusoma, kwa kuwa mawazo yake yalikuwa hospitalini.

Kwa nini waliyataka hayo? Jumbe zilitakiwa ili wapime pato la mtu na uaminifu wake katika kulipa. Ama majina, katika baadhi ya makampuni yalikuwa na kazi nyingine, ambayo ilidhihiri siku ya deni ilipopita. Hapo walianza kupigiwa simu watu wengine: shemeji, mwajiri, mwalimu wa madrasa, hata mtu aliyeuziwa kitanda miaka mitatu nyuma. Wakaambiwa, "Fulani ana deni letu, mwambieni alipe." Kwa njia hiyo fedheha ilifanywa kuwa chombo cha kudai.

Deni ni haki ya mwenye kudai, na kulilipa ni wajibu. Hatuandiki haya kumtetea anayekopa kwa nia ya kutolipa. Lakini yafaa tulitaje jambo lililofanyika kwa jina lake. Wakopeshaji hawa walisema kwamba hawataki rahani, na ukweli ni kwamba walichukua rahani. Rahani yenyewe ilikuwa ni yale majina, yaani heshima ya mkopaji mbele ya watu, pamoja na raha ya watu hao ambao hawakukopa kitu. Sote twajua kwamba mtu hawezi kuliweka rahani shamba la jirani yake bila ya idhini ya jirani. Mkataba huo ni batili tangu asili yake. Basi vipi tuliona wepesi kuziweka rahani namba za watu mia tatu?

Sheria imeliona jambo hili. Mwaka 2021 Bunge liliibadilisha sheria ya Benki Kuu ya Kenya ili wakopeshaji wa simu wawe chini ya leseni, na kanuni zilizotolewa mwezi wa Machi, mwaka 2022, zikawakataza kuyatumia majina ya simuni kwa kuwasumbua watu wasiohusika, na kumfedhehesha mwenye deni. Kampuni ya Google nayo, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, ilizikataza programu za mikopo katika duka lake kuyaona majina na picha za mkopaji. Na mwezi wa Septemba mwaka huo huo Kamishna wa kuhifadhi habari za watu alitangaza kuitoza kampuni moja ya mikopo shilingi 2,975,000 kwa kuwasumbua watu namna hiyo.

Haya yote ni mema. Lakini tusisahau kwamba mlango ulifunguliwa kutoka ndani, kwa kidole chetu wenyewe.

3. Macho kwa shilingi elfu saba

Tarehe 24 Julai 2023 ilizinduliwa duniani sarafu ya kidijitali iitwayo Worldcoin. Mmoja wa waanzilishi wake ni Sam Altman wa Marekani, ambaye pia ni mkuu wa kampuni ya OpenAI. Aliyetaka kujiunga na kupewa sarafu hizo alitakiwa atazame katika mtambo wa mviringo mfano wa tufe, nao ukazipiga picha mboni za macho yake. Katika Nairobi watu walijipanga safu ndefu, hata nje ya jumba kubwa la mikutano la KICC, kwani sarafu walizopewa zilikuwa na thamani ya kiasi cha shilingi elfu saba za Kenya. Tarehe 2 Agosti Serikali ilisimamisha kazi hiyo. Na tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi, kwa hukumu ya Jaji Roselyne Aburili, iliamuru habari hizo za mwili zilizokusanywa katika Kenya zifutwe kabla ya siku saba kupita, chini ya usimamizi wa Kamishna.

Katika hukumu hiyo mna mafunzo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni kwamba kampuni haikufanya uchunguzi wa madhara ambao sheria yautaka kabla ya kuanza kukusanya. La pili, na ndilo zito zaidi, ni habari ya idhini. Watu wale walikubali, wala hapana aliyewashika kwa nguvu. Lakini idhini iliyonunuliwa kwa fedha kwa mtu mwenye dhiki, ambaye hakuelezwa vya kutosha apewacho na atoacho, si idhini iliyo kamili.

Hatuwalaumu waliosimama katika safu zile. Mwenye njaa hasomi karatasi ya masharti, na shilingi elfu saba ni kodi ya mwezi kwa watu wengi. Lakini wajibu wa mwenye elimu ni kumwambia ndugu yake tofauti iliyopo baina ya vitu viwili. Namba ya siri ikiibwa, hubadilishwa. Namba ya simu ikisumbuliwa, huachwa ikanunuliwa nyingine. Jicho halibadilishwi, wala alama ya kidole, wala sura. Kitu kisichoweza kubadilishwa hakifai kutolewa pahali ambapo mtoaji hajui nani atakayekihifadhi, kwa kazi gani, na kwa muda gani.

4. Kinachotolewa kwa lazima

Mpaka hapa tumesema juu ya habari ambazo mtu huzitoa kwa hiari, au kwa kitu mfano wa hiari. Ziko nyingine ambazo hatuna hiari nazo, nazo ni zile zinazotakiwa na Serikali. Hapana anayeweza kuishi bila ya kitambulisho, na siku hizi pasi ya safari, leseni ya gari na mambo mengine maelfu hupitia katika mlango mmoja wa intaneti uitwao eCitizen. Mlango huu umewaondolea watu taabu kubwa ya safari na foleni, na hatuwezi kuukanusha wema huo. Lakini mwezi wa Julai, mwaka 2023, mlango huo uliposhambuliwa katika mtandao, watu wa nchi nzima walikwama kwa wakati mmoja. Hapo ikadhihiri kwamba mlango mmoja wa watu wote wahitaji ulinzi mkubwa kuliko milango midogo mingi.

Nchi hii ina historia katika jambo hili, na vijana wafaa kuijua. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wanaume wa Kiafrika waliofika umri wa kazi walilazimishwa kuchukua kipande. Kilikuwa na alama za vidole, na habari za kazi ya mtu na ujira wake, nacho kilitiwa katika kijaluba cha chuma na kutungikwa shingoni. Mtu aliyeiacha kazi bila ya kipande chake kutiwa sahihi na mwajiri alikuwa aweza kutafutwa na kushitakiwa. Harry Thuku na wenziwe walikipinga katika miaka ya 1921 na 1922. Kwa hivyo watu wa Kenya wakiuliza maswali makali kila inapoletwa namba mpya, si ujinga wala si ukaidi. Babu zao waliona namna karatasi inavyoweza kuwa kamba.

Mwishoni mwa mwaka 2018 sheria ya kuandikisha watu ilibadilishwa ili uanzishwe utaratibu uliokuja kujulikana kwa jina la Huduma Namba, na mwaka 2019 watu wakaandikishwa nchi nzima. Sheria ile ilikuwa imeruhusu kuchukuliwa hata vinasaba vya mtu, yaani DNA, na alama za mahali penyewe anapokaa. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani ni Nubian Rights Forum, jumuiya ya kutetea haki za Wanubi, watu ambao kwa miaka mingi wameonja taabu ya kuhojiwa zaidi ya wenzao kabla ya kupewa vitambulisho. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kuchukua DNA na alama za mahali ni kinyume cha Katiba, na kwamba utaratibu usiendelee ila kwanza ziwepo kanuni kamili za kuulinda.

Twataka msomaji aizingatie hii DNA, kwani ndani yake mna asili ya somo letu. Vinasaba vya mtu si vyake peke yake. Nusu amevitoa kwa babake na nusu kwa mamake, navyo amevishiriki na ndugu zake na watoto wake. Mwenye kuvitoa hutoa pia habari za ukoo wake, waliopo na watakaozaliwa. Nani katika sisi aliye wakili wa kuwasemea watu ambao hawajazaliwa?

Kwa hivyo kanuni ni hii: mahali ambapo mtu hana uwezo wa kukataa, neno idhini halina kazi, na mzigo wote wahamia kwa mpokeaji. Yampasa achukue kile kinachohitajiwa tu, akilinde, wala asikitumie kwa kazi nyingine. Sheria ya mwaka 2019 ya kuhifadhi habari za watu yasema hivyo hivyo. Ikiwa habari zimevuja na pana hatari ya kweli kwa wenyewe, mwenye kuzihifadhi yampasa amjulishe Kamishna kabla ya saa 72 kupita.

5. Nyumbani kwetu wenyewe

Ni rahisi kuyalaumu makampuni na Serikali, na somo likiishia hapo litatupendeza lakini halitatufaa. Sheria tuliyoitaja ina mpaka. Habari anazozitumia mtu kwa mambo yake mwenyewe na ya nyumbani mwake tu haziingii katika hukumu zake. Maana yake ni kwamba sheria yakoma kizingitini mwetu. Na ndani ya kizingiti hicho hapana polisi ila tabia njema.

Basi na tujiulize tunafanya nini humo. Arusini, katika ukumbi wa wanawake, bibi mmoja apiga picha. Wanawake waliomo wamevua mabuibui yao kwa kuwa wako baina ya wenzao. Picha yapelekwa kwa dada aliye Jeddah ili naye afurahi. Dada aipeleka kwa mwenziwe. Na kabla ya alfajiri imefika katika kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, wanaume na wanawake. Hapana aliyekusudia ubaya. Kila mmoja aliifungua hatua moja tu, lakini hapana hata mmoja aliyekuwa na haki ya kuifungua.

Tena mgonjwa alazwa hospitalini, akapigwa picha akiwa kitandani na mipira ya dawa mwilini, ikapelekwa kwa watu "wamwombee dua." Dua haihitaji picha. Tena mtu asikia kwamba ndoa ya fulani ina matata, akaitoa sauti aliyopelekewa kwa siri, akaieneza. Ghiba ni ghiba, ikisemwa barazani au ikipelekwa kwa simu. Tofauti ni kwamba ya baraza husahauliwa, na ya simu hubaki.

Wako wanaosema kwamba WhatsApp ni salama kwa kuwa tangu mwaka 2016 maneno yake hufungwa kwa siri kutoka kwa mpelekaji mpaka kwa mpokeaji. Ni kweli, hata kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma yakiwa njiani. Lakini kufungwa huko ni mfano wa lakiri juu ya barua. Lakiri humzuia tarishi asiifungue; haimzuii aliyepelekewa kuisoma sokoni.

Watoto nao wana haki yao. Sheria yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na mwezi wa Septemba, mwaka 2023, shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuzitangaza picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi. Madrasa na vyuo vyetu vyafaa kuyatia jambo hili maanani, kwani nasi twapenda kupiga picha siku za maulidi na za kugawa zawadi. Na mzazi mwenyewe, ingawa ana mamlaka, na akumbuke kwamba mamlaka hayo ni ya muda. Mtoto atakua, na picha aliyopigwa akilia au akioga itakuwa ingali pale.

6. Hoja na majibu yake

Mtu atasema: "Mimi sina la kuficha." Jawabu ni kwamba hafungi mtu mlango wa nyumba yake usiku kwa sababu ana mali ya wizi ndani. Tena tumekwisha kueleza kwamba habari zilizo mkononi mwake si zake peke yake. Huenda yeye hana la kuficha, na huyo mjane aliyemwandikia shida yake analo.

Mwingine atasema: "Habari zetu zimekwisha toka, kufunga mlango sasa kwafaa nini?" Twajibu kwamba mwezi wa Juni, mwaka 2021, wakenya wengi walitazama katika eCitizen wakayakuta majina yao yameandikwa katika vyama vya siasa ambavyo hawakuvijua wala hawakujiunga navyo. Jina na namba ya kitambulisho, ambavyo twaviandika kila siku katika madaftari ya milangoni, ndivyo vilivyoandikwa humo. Wangalikata tamaa, wangalibaki humo mpaka leo. Lakini walipiga kelele, wakashitaki kwa Kamishna, na watu wakapewa njia ya kujitoa. Aliyepoteza punda mmoja haachi wazi zizi la waliobaki.

Wa tatu atasema: "Usalama wa nchi wataka Serikali ijue kila kitu." Jawabu ni kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya siri ya nyumba yake, mali yake, mambo ya jamaa zake na mawasiliano yake. Haki hiyo si ya kuuzuia uchunguzi wa makosa. Lakini mchunguzi naye apige hodi, na hodi yake ni kibali cha mahakama. Polisi mwenye kibali ni mgeni aliyepiga hodi, na asiyekuwa nacho ameruka ua.

7. Yatupasayo kufanya

Kwanza, kabla ya kubonyeza "ruhusu," tuulize maswali matatu: Nani anataka? Ataka kwa kazi gani? Na je, kitu hiki ni changu peke yangu? Programu ya taa haina haja ya majina ya watu. Programu ya nyakati za sala yahitaji mahali tulipo, wala haihitaji jumbe zetu. Katika mipangilio ya simu pana sehemu ya ruhusa. Ifunguliwe, na kila programu iliyopewa zaidi ya haja yake inyang'anywe. Ni kazi ya nusu saa, na kijana wa nyumbani aweza kuwafanyia wazee wake, wao wakiwa wanatazama.

Pili, tusipeleke picha wala sauti ya mtu bila ya kumwuliza. Na tukipelekewa, pasiwe na haraka ya kuipeleka mbele.

Tatu, wenye madaftari, nao ni misikiti, madrasa, vyama vya kuzikana, maduka na wenye nyumba za kupanga, wapunguze wanachokiandika. Orodha ya waliopewa zaka na sadaka isibandikwe ukutani wala isitiwe katika kundi la simu, kwani aliyesaidiwa hakuuza haya yake.

Nne, tuzijue haki zetu na tuzidai. Sheria ya mwaka 2019 imempa mtu haki ya kujulishwa habari zake zatumiwa kwa kazi gani, kuziona, kuzipinga zisitumiwe, kusahihishiwa zilizo kosa na kufutiwa zilizo za uwongo. Na idhini aliyoitoa aweza kuirudisha wakati wowote. Mwenye kudhulumiwa aweza kushitaki kwa Kamishna, na shitaka hilo lapasa kumalizwa kabla ya siku 90 kupita. Haki isiyodaiwa hulala, na iliyolala muda mrefu hudhaniwa imekufa.

Maswali ya darasa

1. Mtu amekopa kwa simu, nayo kampuni yakupigia wewe. Una haki gani, na una wajibu gani kwa huyo ndugu yako?
2. Mwalimu wa madrasa ataka kupiga picha za watoto siku ya zawadi. Aanze vipi, na afanye nini ikiwa wazazi wawili tu wamekataa?
3. Chama cha kuzikana chahitaji habari zipi za wanachama wake, na zipi hakizihitaji?
4. Itazame simu yako kabla ya darasa lijalo. Ni programu ngapi ulizozipa ruhusa ya kuyaona majina ya watu, na katika hizo ni ngapi zenye haja nayo? Njoo na hesabu yako.